Jino la Nguruwe Lisilo na Anwani

“Mwanangu, nimekuokotea hili, maana mvua ingeweza kulichukua,” aliniambia mzee mmoja, mwalimu mstaafu mwenye adabu zake zote, huku akifungua leso na kunikabidhi jino. Nililipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, kisha nikamwuliza alikuwa ameliokota wapi. Akageuka, akautazama mteremko wote uliokuwa nyuma yake katika Korongo la Oldupai, akauonyesha kwa mkono mzima wala si kwa kidole. “Pale pale,” akasema.

Eneo aliloonyesha lingetosha viwanja viwili vya mpira. Sikumkemea, kwa kuwa mtu wa umri wa baba yako hakemewi, tena alikuwa ametenda kwa nia njema kabisa. Lakini huyo alikuwa mgeni wa nne msimu huu kuniletea kisukuku mkononi kama mtu aletaye yai kutoka bandani, akiamini kwamba mfupa wa kale ni mali iliyopotea na kwamba anayeuokota anauokoa. Bango la getini linataja sheria, na ni kweli kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuondoa vitu kama hivi bila kibali, ila bango hilo linawaonya wezi, na mzee wangu hakuwa mwizi. Alidhani ananisaidia, na kwa mtu wa namna hiyo bango halina la kusema.

Kabla sijaendelea, niondoe jambo moja linalonichosha karibu sawasawa na hilo. Oldupai hakuna dinosaria. Matabaka yetu ya chini kabisa yana umri wa takriban miaka milioni 2, ilhali dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Anayewataka aende Tendaguru mkoani Lindi, au kwa masikitiko aende Berlin, ambako yule “mjusi” wetu, dinosaria aliyechimbwa Tendaguru ambaye si mjusi hata kidogo, amesimamishwa kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Hapa kwetu utaona mabaki ya tembo, viboko, swala, nguruwe, farasi wa vidole vitatu, na Pelorovis, mnyama wa jamii ya nyati aliyekuwa na pembe ndefu kupita kiasi.

Sasa turudi kwenye leso. Watu wengi hudhani kwamba mfupa hubeba umri wake ndani yake, na kwamba sisi huupeleka maabara ukasomwa kama mita ya maji. Kipimo cha kaboni, ambacho kila mgeni amewahi kukisikia, huishiwa nguvu kwenye takriban miaka 50,000, na mifupa yetu imepita hapo mara nyingi mno. Kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyotandazwa juu na chini ya tabaka lenye mfupa, kwa kuwa chembe za madini ndani ya majivu hayo huhifadhi gesi ya argoni inayozalishwa na potasiamu kwa mwendo unaojulikana. Ndivyo fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana hapa tarehe 17 Julai 1959, lilivyotangaziwa mwaka 1961 umri wa miaka milioni 1.75: majivu yalipimwa, na fuvu likapata umri kwa ujirani. Mfupa uliong’olewa kwenye ujirani wake hauna wa kumshuhudia.

Najua msomaji makini atanibana hapa. Kama jino lilikuwa limelala juu ya ardhi, si lilikwisha kuporomoshwa na mvua? Mzee amepoteza nini ambacho mvua haikuwa imekipoteza? Swali hilo ni zuri, na nakiri kwamba vitabu vya wanafunzi hulipita haraka, kwa sababu jibu lake linatuaibisha kidogo. Sehemu kubwa ya visukuku vyetu huanza hivyo hivyo. Hatuchimbi kwa kubahatisha, tunatembea tukiwa tumeinama baada ya masika, tukitazama kile ambacho maji yamekifunua. Zinjanthropus mwenyewe hakuibuliwa na sururu, bali mtafiti Mary Leakey aliona mfupa ukichungulia mteremkoni.

Hata hivyo, mfupa uliolala juu ya ardhi haujapoteza anwani yake yote. Mifupa huteremka mteremko, haiupandi. Kwa hiyo jino lililolala mahali fulani limetoka katika tabaka hilo au lililo juu yake, na si katika la chini yake. Ukipiga magoti hapo, ukapanda polepole ukitafuta vipande vingine, ukachekecha udongo, kile kipande cha juu kabisa kitakuonyesha tabaka lililokitapika. Kisha kuna udongo uliokwama kwenye mizizi ya jino, ambao rangi yake peke yake yaweza kukuambia mengi, kwa kuwa tabaka letu la tatu ni jekundu kiasi kwamba mtoto angelitambua. Mzee alikuwa amelisafisha lile jino kwa maji ya chupa likang’aa. Alitaka kunipa kitu kisafi.

Nisidai kwamba kazi hii ya kupanda mteremko ina uhakika wa hesabu. Udongo hukaa kwa matuta, maji hukata njia mpya kila mwaka, mifugo hupita, na mara kadhaa nimeandika jina la tabaka kwenye daftari langu kwa kujiamini kuliko nilivyostahili. Lakini kukosea kwangu kunaweza kukaguliwa na mwenzangu anayerudi mahali pale pale. “Pale pale” ya mzee haikaguliki.

Anayefikiri kwamba nakuza jambo dogo na amkumbuke Hans Reck, mwanajiolojia Mjerumani aliyesimamia uchimbaji wa Tendaguru mwaka 1912. Mwaka uliofuata alipata hapa Oldupai mifupa ya binadamu kamili ndani ya tabaka la pili, akashikilia kwamba mtu huyo ana umri wa tabaka hilo. Ubishi ulivuka Vita vya Kwanza vya Dunia na kuingia miaka ya thelathini, na Louis Leakey naye, mtafiti aliyekuja kuwa mume wa Mary, alipofika mwaka 1931, aliafikiana na Reck. Kilichowageuza si mifupa. Udongo uliouzunguka mwili ule ulionekana kuwa na chembe nyekundu za tabaka la tatu, ambalo liko juu ya la pili, na chembe za juu haziwezi kufika chini isipokuwa mtu amechimba shimo. Lilikuwa kaburi la watu wa zama za baadaye sana, nao wote wawili wakakubali hadharani mwaka 1933. Fikiria kama mtu mwema angekuwa ameiosha mifupa ile kwa maji ya chupa.

Kuna tundu moja katika hoja yangu, na afadhali nilionyeshe mwenyewe. Jino la mzee ni gego la tatu la nguruwe, na magego ya tatu ya baadhi ya nguruwe wa kale yalizidi kurefuka kadiri zama zilivyopita, hata wataalamu huyatumia kama saa. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, majivu yaliyoitwa KBS yalitangazwa kuwa na miaka milioni 2.6, lakini nguruwe wa pale walifanana na wale wa mahali pengine wenye umri mdogo zaidi, na baada ya mabishano makali yaliyochukua miaka, vipimo vipya viliyarudisha majivu hayo kwenye takriban milioni 1.9. Nguruwe walishinda maabara. Basi, utaniuliza, si jino lijisemee lenyewe? Litajisemea, kwa sauti nzito isiyo na mpaka, na hata hiyo sauti limeazimwa na magego mengine yaliyoachwa katika matabaka yao mpaka mtu mwenye daftari alipofika. Tukianza kukusanya nguruwe wasio na anwani, saa yenyewe itaharibika, kwa sababu tutakuwa tunapima jino kwa tabaka na tabaka kwa jino.

Mambo yanakuwa magumu zaidi pale tunapouliza nani alimla mnyama. Alama za kukatia nyama kwa jiwe na mikwaruzo ya mfupa uliokanyagwa juu ya mchanga hufanana kiasi cha kuwagombanisha watu wazima. Mabaki ya tembo yaliyopatikana hapa katika eneo la uchimbaji liitwalo FLK North pamoja na zana za mawe yalielezwa zamani kuwa ni mahali alipochinjwa, lakini watafiti wa baadaye walilitilia shaka jambo hilo, wakisema huenda tembo na zana walikutana mahali pamoja kwa nyakati tofauti. Wageni nawaambia wazi kwamba huo ni ubishi wa kweli. Unaendelea kwa sababu kila kipande kilichorwa mahali pake kabla hakijaguswa.

Kwa hiyo ukija, nawe ukaona mfupa, usimame. Weka kalamu au sarafu kando yake, piga picha moja ya karibu na nyingine inayoonyesha mteremko, kisha mwite mwongozaji wako huku ukiwa umesimama hapo hapo. Ukiogopa mvua, jua kwamba mfupa huo umekwisha kustahimili mvua nyingi kuliko zetu, na ulio dhaifu kweli tutaufunga plasta kama mguu uliovunjika kabla ya kuuinua.

Mzee alikubali kurudi nami mteremkoni, tukazunguka karibu saa nzima juani, naye akijitahidi kukumbuka. Hatimaye uso wake ukang’aa: aliliokota, alisema, pembeni ya kichaka cha mkonge mwitu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mkonge mwitu umeota korongo zima, na kwamba ndio huo Wamaasai huuita oldupai.

Kwenye kibandiko nimeandika: nguruwe, gego la tatu, tabaka halijulikani, mahali, karibu na mkonge.