Mradi wa nyumba hukwama mwezi gani?

Wengi wanaonijia na ekari zao za Kigamboni au Bagamoyo huuliza faida: nyumba ishirini zitaniachia shilingi ngapi? Mimi hudai kwanza kalenda ya fedha, mwezi gani inatoka ngapi na inaingia ngapi. Nimeona miradi yenye faida nzuri kwenye karatasi ikisimama usawa wa linta kwa sababu mkandarasi kaleta hati ya malipo, akaunti haina kitu, na wanunuzi wanasubiri kwanza waone bati.

Chukua mfano. Kwa nyumba hizo ishirini umekopa bilioni 2 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Fedha yote ikishatoka benki, riba ni milioni 320 kwa mwaka. Mauzo yakichelewa miezi sita, milioni 160 zimekwenda, yaani milioni 8 kwa kila nyumba. Ndiyo maana nasisitiza mkopo utolewe kwa awamu, kwa kazi iliyopimwa na mkadiriaji majenzi, na nyumba zijengwe kwa mafungu: sita kwanza, mauzo yake yasukume zinazofuata. Mkandarasi atalalamika kwamba bei inapanda kidogo, na ni kweli. Piga hesabu zote mbili, halafu ulinganishe na riba.

Kosa jingine ni kuandika kwamba mnunuzi atalipa yote siku ya kukabidhiwa funguo. Mikopo ya nyumba Tanzania haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa, ingawa TMRC, kampuni ya kugharamia upya mikopo ya nyumba, ipo tangu 2010 ikizipa benki fedha za muda mrefu. Mnunuzi wako analipa kidogo kidogo, kutoka kwenye biashara, kiinua mgongo au ndugu aliye nje. Panga mapato yako kwa mwendo wake. Malipo ya awali yakae akaunti ya peke yake. Ukiyagusa kununulia kiwanja kingine, mimi simo.

Kama ni ghorofa, gharama za hati za sehemu, yaani hati ya umiliki ya kila nyumba ndani ya jengo, chini ya sheria ya mwaka 2008, ziingie mapema. Bila hati, benki ya mnunuzi haina cha kushika.

Barabara za ndani, mifereji, transfoma na bomba la maji vipewe mistari yao kwenye bajeti, visifichwe ndani ya "mengineyo". Dharura mimi huweka asilimia 10, na uchimbaji wa misingi nauondoa kabisa Machi hadi Mei, wakati wa masika.