Je, dawa za sonona hupumbaza akili?

"Ukimeza hizo dawa utakuwa zezeta." Kauli hii husikika Dodoma, sokoni Majengo hata kwenye mashamba ya zabibu Hombolo: kwamba dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hufuta kumbukumbu.

Hofu hiyo ina chanzo. Sonona yenyewe huvuruga umakini. Mtu husoma ukurasa mara tatu bila kushika kitu, au huacha chenji dukani. Mara nyingi hayo huanza kabla ya kidonge cha kwanza, ila kidonge ndicho kinachoonekana, basi ndicho hubebeshwa lawama. Sonona ikipungua, kwa wengi umakini nao hurejea, ingawa pengine polepole. Dawa zenyewe huhitaji wiki kadhaa kuonyesha kazi.

Lakini dawa hazifanani. Amitriptilini, ya kizazi cha zamani, huleta usingizi na kukausha kinywa, na inaweza kutia ukungu kichwani, hasa kwa wazee. Fluoksetini kwa kawaida haileti usingizi kiasi hicho, japo wapo wanaosema hisia zao zimepoa.

Unataka kuhakiki? Andika kwenye daftari usahaulifu ulianza lini, dawa lini, dozi ilibadilishwa lini. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi (herufi zake ndogo kweli). Mtajie mfamasia kila unachotumia, hata vidonge vya mafua na mzio, maana baadhi navyo hulewesha. Ukiona dawa inakuelemea, rudi kwa daktari apunguze au abadilishe. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu na kukosa usingizi.