Amekusogelea kutoka upande gani?

Kila nikizungumzia umbali wa mtu na mtu, swali la kwanza huwa ni nani anakerwa zaidi akisogelewa, mwanamke au mwanamume. Mimi huuliza kwanza: amesogelewa kutoka upande gani?

Mwaka 1975 wanasaikolojia Jeffrey Fisher na Donn Byrne walichapisha utafiti walioufanya katika maktaba ya chuo kikuu huko Marekani. Mtu asiyejulikana alikwenda kukaa karibu na mwanafunzi aliyekuwa peke yake mezani, ama ubavuni ama mkabala naye. Wanaume walichukizwa zaidi na aliyekaa mkabala nao. Wanawake walichukizwa na wa ubavuni. Kisha wakaangalia vitu vilivyokuwa mezani, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote: wanaume walipanga mabegi na madaftari mbele yao, wanawake waliyapanga pembeni. Kwa maelezo yao, mwanamume hulelewa kumwona anayemkabili kuwa mshindani, ilhali kwa mwanamke ubavuni ni mahali pa shoga au ndugu. Mgeni akijiweka hapo, amejipa ukaribu ambao hakupewa.

Sasa panda daladala ya Mbagala jioni. Siti ni ubavu kwa ubavu. Mtazame dada aliyekaa dirishani, jirani anapoketi huku amepanua magoti: mkoba unatoka katikati ya mapaja, unahamia upande wa jirani, kiwiko kinakaa juu yake, uso unageukia nje. Hasemi neno. Konda akimwona anadhani ametulia, na jirani naye anadhani hivyohivyo.

Hajatulia. Mwaka 1966 watafiti Nancy Felipe na Robert Sommer walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa kike walisogelewa na mtu asiyejulikana maktabani huko California. Baada ya nusu saa, takriban asilimia 70 ya waliosogelewa kabisa walikuwa wameshaondoka, na karibu wote hawakumwambia mvamizi asogee. Waligeuza mabega, wakajikunja, wakaondoka. Kwenye daladala hakuna pa kuondokea, kwa hiyo kinachobaki ni mkoba na kiwiko.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema wanawake wa Dar wameshazoea kubanana. Wanavumilia kwa sababu wanataka kufika nyumbani. Kaka yangu, ukikaa naye siti moja, kusanya magoti yako. Ukiona mkoba umehamia upande wako, usimuulize kama anakuogopa. Sogea kidogo kadiri siti inavyoruhusu.