Kukubali mageuko ya viumbe si kumkana Mungu

Wapo wanaoamini kwamba mtu akikubali mageuko ya viumbe, yaani kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi, huwa ameshaiaga imani yake. Dhana hiyo ilijitokeza wazi nchini Kenya mwaka 2006, pale baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walipopinga Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kuyapa mabaki ya binadamu wa kale nafasi ya mbele katika maonyesho. Miongoni mwake yalikuwamo ya Mvulana wa Turkana, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, na ambaye Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mabaki ya kale kutoka Kenya, alimgundua mwaka 1984 huko Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, baada ya kuona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto.

Mifupa ile inaeleza kimo, umri na mwendo wa kiumbe. Haisemi lolote kuhusu kuwapo kwa Muumba, wala haina namna ya kusema. Haidai pia kwamba tulizaliwa na nyani wa leo, bali kwamba sisi na wao tuna asili moja ya zamani sana.

Kanisa Katoliki, ambalo hakuna atakayeliita la wapagani, liliruhusu suala la asili ya mwili wa binadamu lichunguzwe tangu 1950, chini ya Papa Pius XII, likishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mgongano wa kweli upo, ila unawahusu wanaosoma siku sita za uumbaji katika kitabu cha Mwanzo kama siku za kalenda, na hao si waumini wote.