Charlotte Kalla: yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi wakisikia kwamba mtu ni bingwa wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji, hudhani kazi yake ni kuporomoka mlimani kwa kasi. Mchezo wa Charlotte Kalla wa Uswidi si huo. Mbio zake ni za masafa, zilezile alizoshiriki Philip Boit wa Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998: mchezaji hujisukuma kwa fimbo mbili na kwa nguvu za miguu yake, na kilima hukipanda mwenyewe. Hata ushindi uliomtambulisha duniani ulipatikana kwa kupanda. Januari 2008, akiwa na umri wa miaka 20, alimpita Virpi Kuitunen wa Ufini kwenye Alpe Cermis nchini Italia, mlima ambao wateleza skii wa kawaida huutumia kushuka, akatwaa Tour de Ski, mashindano ya mbio kadhaa zinazojumlishwa muda.

Dhana nyingine ni kwamba alipendwa kwa sababu alitawala mchezo. Kwa kweli hakuwahi kutwaa Kombe la Dunia la jumla, yaani taji la msimu mzima, na kati ya medali zake 9 za Olimpiki, 6 ni za fedha. Zama zake zilikuwa za Marit Bjørgen na Wanorwei wenzake. Kwa maoni yangu, kilichowavuta watu ni namna alivyokuwa akimfukuza aliyetangulia, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Olimpiki ya Sochi, Urusi, tarehe 15 Februari 2014.

Siku hiyo zilikuwa mbio za kupokezana za wanawake, mara nne kilomita tano, ambazo hazina kijiti: anayefika humgusa mwenzake kwa mkono. Kalla alipoguswa ili amalizie, Ufini na Ujerumani zilikuwa mbele kwa zaidi ya sekunde 25, pengo ambalo katika kilomita tano huhesabiwa kuwa kubwa mno. Alilipunguza kidogo kidogo, kilima baada ya kilima, akawafikia wote wawili karibu na uwanja, kisha akawashinda kwenye mita za mwisho. Ufini ilifika nusu sekunde nyuma yake. Uswidi haikuwa imeshinda mbio hizo katika Olimpiki tangu mwaka 1960.

Wapo wanaosimulia siku ile kana kwamba alishinda peke yake. Hilo si haki kwa Ida Ingemarsdotter, Emma Wikén na Anna Haag, kwani bila wao kulishikilia pengo lisizidi pale lilipofika, hakungekuwa na wa kumfukuza.

Na si kweli kwamba Sochi ndiyo ilikuwa kilele, kisha akafifia. Mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia wa kilomita 10 huko Falun, mbele ya watu wa nchi yake, na Februari 2018 alimwacha Bjørgen katika mbio za mitindo miwili ya kuteleza kwenye Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, akapata dhahabu ya kwanza kabisa kutolewa katika michezo ile.

Alistaafu mwaka 2022. Miaka mitatu kabla, huko Seefeld, Austria, Uswidi ilitwaa dhahabu ya dunia ya kupokezana, lakini safari hiyo Kalla alikimbia zamu ya tatu, na kazi ya kupambana na Therese Johaug wa Norwei hadi mstari wa mwisho akamwachia mwenzake Stina Nilsson.