Mwendo mpole: unavyotuliza mfumo wa fahamu

Mwendo mpole ni kuujongesha mwili kwa kiasi ambacho bado unaweza kuzungumza bila kuhema: kutembea, kujinyoosha, kuzungusha mabega. Kinachotulia hapo ni ile sehemu ya mfumo wa fahamu inayoendesha moyo, pumzi na usagaji wa chakula bila sisi kuiagiza.

Sehemu hiyo ina pande mbili. Mmoja huamsha: ukishtuka, homoni ya adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, tumbo hupunguza kazi. Wa pili hutuliza, na mshipa wake mkuu wa fahamu (si wa damu) ni vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Kila unapotoa pumzi, vagasi hupunguza kidogo kasi ya moyo. Ukitembea taratibu, pumzi hupata mpangilio wake yenyewe, na misuli iliyokaza hupata nafasi ya kulegea. Mtu mwenye wasiwasi huambiwa akae atulie, na mimi naona mara nyingi tunamwonea: mwili wake umekwisha kujiandaa kukimbia, nasi tunaukalisha.

Akina mama wanalijua hili zamani. Mtoto akilia usiku pale Mwanga, Kigoma, hufungwa mbeleko na kutembezwa uani. Mtoto mchanga anayebebwa na mtu anayetembea hutulia upesi kuliko aliyepakatwa na mtu aliyekaa. Hata mapigo ya moyo wake hushuka.

Mwanamke aliyeshinda mwaloni Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, akianika dagaa anaweza kuuliza: mimi si nimejongea tangu alfajiri? Swali lake ni la haki. Lakini kuinama kwa haraka, jicho likiwa kwenye mawingu ya mvua, kunambana pumzi na kumwacha mabega yamepanda. Anachohitaji ni dakika chache za kutembea kando ya ziwa jioni, mikono mitupu, bila kukimbizana na mtu. Hiyo ni haki yake pia, si uvivu.

Kwa bibi wa Ujiji mwenye magoti yanayouma, kuzungusha vifundo vya miguu akiwa kitini kunatosha kuanzia. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuuzoesha mwili usiyumbe angalau siku 3 kwa wiki. Ayafanye ameshika ukuta, mjukuu akiwa karibu. Akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache na apelekwe hospitali.