Graniti si madini

"Madini ya graniti." Kauli hiyo hutamkwa chini ya Mlima Simba wa Dodoma, hurudiwa kwenye tangazo la vigae vya sakafu, na mwanafunzi huiandika kwenye mtihani bila wasiwasi. Graniti ni mwamba.

Madini ni kitu kimoja cha asili, kigumu, chenye kemia yake na mpangilio wake wa ndani. Mwamba ni mkusanyiko wa madini. Chumvi ya mezani ni madini, jasi ya Itigi ni madini. Basi.

Kosa limetoka mbali, na neno lenyewe linachangia. Ile "ma-" ya madini si ya wingi kama ya mawe au majani. Neno ni la Kiarabu, *ma'din*, na huko "ma-" hujenga jina la mahali: masjid ni mahali pa kusujudu, na ma'din ni mahali kitu kinapokaa bila kuhama. Mzizi ni uleule wa Jannatu Adni, pepo ya makazi ya kudumu. Kwa hiyo mwanzoni neno lilitaja machimbo, kisha likahamia kwa kinachochimbwa, chochote kile. Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010 inafuata maana hiyo pana inapoweka kokoto na mchanga kwenye madini ya ujenzi. Haikosei, maana kazi yake ni leseni na mrabaha. Lakini leseni haikuambii jiwe limetokana na nini.

Jiwe lenyewe linakuambia. Vunja kipande cha graniti kwa nyundo, utazame pale palipovunjika upya, si kwenye ganda lililopigwa na jua. Chembe za kijivu zinazong'aa kama kioo kilichopasuka na kukwaruza chupa ni kwatzi. Nyeupe au za waridi, zenye nyuso bapa, ni feldispa. Vijiganda vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha ni ulanga. Jiwe moja limetoa majibu matatu, basi haliwezi kuwa madini mamoja. (Ulanga ukichakaa hugeuka rangi ya dhahabu na kudanganya wengi. Uchome kwa sindano: dhahabu hubonyea, ulanga hukatika vipande.)

Chembe hizo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho kwa sababu magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipoa polepole sana, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Graniti nyingi za Dodoma zina umri wa takribani miaka bilioni 2.5 au zaidi. Mmomonyoko ndio uliozifunua. Magma ileile ingemwagika juu, ingepoa haraka na chembe zingekuwa ndogo mno kuonekana: madini karibu yaleyale, mwamba mwingine. Na kazi haijaisha. Maji hugeuza feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi, kwatzi inagoma, inabaki kuwa mchanga wa makorongo.

Anayeumia zaidi kwa kuchanganya maneno haya ni mchimbaji mdogo. Rubi ni madini, oksidi ya alumini iliyotiwa wekundu na kromiamu kidogo. Kwatzi ni silika, yaani oksidi ya silikoni. Vikikutana kwenye joto la chini ya ardhi, alumini na silika huungana na kuzaa madini mengine, kwa hiyo ni nadra mno kukuta rubi na kwatzi zimekua pamoja. Ndiyo maana rubi za Winza, wilayani Mpwapwa, zilipatikana kwenye amfiboliti, mwamba wa kijani kilichokolea hadi mweusi wenye silika kidogo. Mtu anayepasua graniti, iliyojaa kwatzi, akitafuta rubi anapoteza baruti. Krisopresi, kito cha kijani cha Haneti huko Dodoma, nayo hupata ukijani wake kwenye nikeli, na nikeli hiyo imetoka kwenye miamba yenye magnesi nyingi, si kwenye graniti.

Basi ukiulizwa lile jiwe kubwa la Mlima Simba ni nini, sema ni mwamba wa graniti, wenye madini ya kwatzi, feldispa na ulanga.